Ajenda ya Tisa: Mwalo wa Chirondo

Mitumbwi ilikuwa imerudi na dagaa walikuwa bado wanang'aa pale Hyasinta alipowamwaga juu ya mwamba wake na kuanza kuwatawanya kwa ufagio. Siku nyingine angewapanga kwa subira, asiruhusu wawili walaliane, maana dagaa waliolaliana huoza tumbo na kumwaibisha mwenye nao mbele ya mnunuzi. Leo aliwatupa, akawasukuma, akawaacha kama walivyoanguka.

"Wifi, hao unawachapa, huwaaniki," alisema Pelagia kutoka mwamba wa jirani. Pelagia alikuwa dada wa marehemu mumewe Hyasinta, na kwa cheo hicho alikuwa na haki ya kumkosoa wakati wowote, hata msibani.

"Lori la Leonardi halinisubirigi."

"Nenda basi. Nitawageuza mimi. Na huko barazani usianze kulia. Ukilia watasema mwanamke amekuja kuomba msaada wa unga."

Hyasinta aliosha miguu ziwani, akavaa viatu. Kijiji cha Chirondo kilikuwa kimemteua kwenda mjini Musoma kukisemea katika baraza la madiwani, na kilimteua baada ya kuzingatia mambo mawili mazito: ana sauti, na ana viatu.

Jambo lenyewe lilikuwa miamba. Rasi ya Chirondo, mbele ya Nyegina, imejaliwa mawe bapa yanayoshuka taratibu hadi majini, na kila jiwe lina mwanamke wake, aliyelipata kwa mama mkwe wake, naye kwa mama mkwe wake. Dagaa wa kwenye mwamba hukauka bila mchanga, nao huliwa na watu, Bunda, Butiama na mbali zaidi. Dagaa wa kwenye mchanga huliwa na kuku. Kuku hawajali kutafuna mchanga, na mnunuzi wa chakula cha kuku hajali mwanikaji atakula nini. Mwamba wa Hyasinta ulikuwa mpana kuliko yote. Ulimlishia watoto watatu, na ndio uliomwezesha kumzika mumewe katika sanduku la mbao.

Sasa mwamba huo ulikuwa umependwa na mtu mwingine. Ilikuwa miaka ile nchi ilipofungua milango. Zamani kidogo duka halikuwa na sabuni. Sasa sabuni zilipangwa hadi darini, ila mwenye pesa ya kuzinunua ndiye aliyeadimika. Vyama vya siasa vilikuwa vimekuwa vingi na diwani alikuwa yuleyule. Wawekezaji walikuja, wakajenga kiwanda cha kukata minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya, na kiwanda kikahitaji mahali penye maji ya kina na mawe bapa pa kushushia samaki. Halmashauri ilitazama ramani, ikaona Chirondo. Kwenye ramani hapakuwa na mwanamke yeyote.

Ili mambo yaende kwa utaratibu, halmashauri ilimtuma Bwana Makongoro, afisa wake wa mipango, kuja kuuliza wananchi. Alikuja na Land Rover, akahutubia mkutano wa kijiji kuhusu maendeleo kwa muda wa kutosha kupika maharage, kisha akauliza, "Je, kuna mwenye pingamizi?"

Hapa ndipo Chirondo ilipojimaliza. Pale mwaloni, ufukoni mitumbwi inapotua, mnunuzi akitaja bei ya matusi, hajibiwi. Wanawake hunyamaza, wanampa mgongo, wanaendelea kugeuza dagaa wao. Kumwambia mgeni "hapana" usoni ni utovu wa adabu. Kumnyamazia ndiyo hapana yenyewe, tena nzito, na wanunuzi wote wa dagaa wanaijua, hupandisha bei au hupanda baiskeli zao na kuondoka. Basi Bwana Makongoro alipouliza swali lake, kijiji kizima kilinyamaza. Hata watoto walinyamaza. Wanawake waligeuka wakatazama ziwa. Mzee Masatu, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa ameketi meza moja na mgeni, alikigeuza kigoda chake kabisa, akampa mgongo. Haijapata kutokea Chirondo kukataa jambo kwa hasira namna ile.

Bwana Makongoro aliguswa. Aliwashukuru kwa utulivu wao, akaandika kwamba wananchi wameridhia kwa kauli moja.

Ndiyo maana Hyasinta alikuwa anakimbilia lori.

Leonardi alikuwa dereva wa lori la barafu la kiwanda kilekile. Halikuwepo gari jingine asubuhi kwenye njia ile; basi la zamani la ushirika lilikufa pamoja na ushirika.

"Mama Kasmiri, leo umependeza. Unaenda harusini?"

"Naenda barazani kuwakatalia nyinyi kuchukua mwalo wetu."

Leonardi alicheka hadi akapiga usukani. "Kunikatalia mimi? Mimi nina mwalo? Panda, mama. Panda mbele, nyuma kuna barafu. Nikusogeze ukanikatalie vizuri."

Njiani alimwambia kwamba kiwanda kinampunja na yeye, na kwamba hajaonja sangara mzima tangu aajiriwe, anaonja vichwa. Alimshusha mjini, mtaa wa Iringo, karibu na hoteli ndogo yenye pazia la shanga, akamwonyesha kwa kidevu. "Diwani wenu anakunywaga supu humo kabla ya kikao. Muwahi kabla hajashiba. Akishiba hasikiagi."

Mheshimiwa Magige alikuwa peke yake na bakuli la supu ya kongoro. Alikuwa mtoto wa Chirondo, amezaliwa nyumba ya tatu kutoka ziwani, ingawa tangu uchaguzi alikuwa anaishi mjini ili, kama alivyoeleza kwenye kampeni, awe karibu na matatizo ya wananchi.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba. Aa, shemeji! Karibu supu."

"Nimeshashiba. Nimetumwa na kijiji. Leo mnapitisha habari ya mwalo, na sisi hatujakubali. Nataka kusema kwenye kikao."

Magige aliweka kijiko chini kwa huzuni ya mtu aliyekatizwa. "Shemeji, baraza lina kanuni. Mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Kusema, hapana. Anayesema ni mimi."

"Basi sema wewe."

"Na mimi siwezi kuropoka tu. Swali la diwani linapelekwa kwa maandishi wiki mbili kabla ya kikao."

"Tangazo la kikao lenyewe limebandikwa juzi!"

"Ndiyo. Hapo kuna changamoto," alikiri Magige.

Hyasinta alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa tena. "Magige. Mama yako alianikaga pale. Jiwe la tatu kutoka mti wa mkuyu, sasa analo mke wa kaka yako. Wewe umekua unatambaa juu ya dagaa. Unajua tukinyamaza tunakuwaga tumesemaje."

Diwani alitazama supu. Mafuta yalikuwa yanaanza kuganda kando kando ya bakuli.

"Najua," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini muhtasari haujui. Na mimi nikisimama kusema kwamba afisa aliandika uongo, ile barabara ya Nyegina niliyoomba inahamia kata nyingine kesho. Umenielewa? Kata nzima itakosa barabara kwa sababu ya mawe."

"Barabara hiyo umeiomba tangu lini?"

"Tangu nichaguliwe."

"Ipo?"

Magige aliita mhudumu, akaomba pilipili.

Ofisi za halmashauri zilikuwa na uzio, geti, na askari aitwaye Mseti, Mkurya mrefu mwenye koti zito ambalo hakulivua hata jua lilipochoma. Kando ya geti palikuwa na ubao wa kioo uliofungwa kwa kufuli, na ndani yake tangazo: Wananchi wote mnakaribishwa kuhudhuria.

"Unaenda wapi, mama?"

"Barazani."

"Una kadi ya mwaliko?"

Hyasinta alionyesha ubao. "Si hiyo? Wananchi wote."

Mseti aliligeukia tangazo na kulisoma kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni ya wote," alisema hatimaye. "Wewe ni mmoja. Unatakiwa uwe na kadi."

"Kadi inatolewa wapi?"

"Ndani."

"Nifungulie niifuate."

"Bila kadi siwezi kukufungulia."

Hoja hii haikuwa na tundu popote. Hyasinta aliizunguka kiakili pande zote, kisha akakaa chini, palepale katikati ya geti, akakunjua kanga yake na kuifunika miguu. Gari la kwanza la diwani lilipofika likapiga honi. Likaja la pili. Mseti alimsihi, akamtishia, akainama kumnong'oneza, "Mama, wee mama, mimi nina watoto."

"Na mimi nina watatu."

Gari la tatu lilipojipanga, Mseti alifungua geti dogo la pembeni. "Pita. Lakini ukae nyuma, karibu na dirisha. Unanuka dagaa, watu wale ni waheshimiwa."

Ukumbi ulikuwa na madawati mawili yaliyoandikwa WANANCHI kwa chaki. Moja lilikuwa limekaliwa na madereva wa waheshimiwa, waliolala, na jingine na mikoba ya waheshimiwa. Hyasinta alisogeza mikoba, akakaa. Hakukuwa na mwananchi mwingine. Kwa saa kadhaa zilizofuata, umma wote wa wilaya, wenye jasho na wenye mifugo, wavuvi na wakulima wa pamba, uliwakilishwa na mjane mmoja na madereva wanaokoroma.

Baraza lilifunguliwa kwa dua. Mwenyekiti, mzee mnene aliyevaa joho jeusi na kukalia mto mwekundu, aligonga meza kwa nyundo ya mbao ijapokuwa hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Wakasoma muhtasari wa kikao kilichopita. Wakasoma taarifa ya fedha, iliyojaa maneno ya Kiingereza, na kila afisa aliposema neno refu zaidi madiwani walitikisa vichwa kwa nguvu zaidi. Ajenda ya tano ilihusu zahanati zisizo na dawa. Iliahirishwa kwa sababu mganga mkuu hakuwepo. Ajenda ya sita ilihusu uhaba wa madawati, ilipokelewa. Kupokelewa, Hyasinta aligundua, ni namna ya heshima ya kuzika jambo.

Kisha vililetwa vinywaji, na hapo baraza likaamka. Soda zilikuwa za moto. Diwani mmoja wa upande unaopakana na Bunda, mwenye sauti ya kuchungia ng'ombe, alisimama kuomba mwongozo wa kiti: inakuwaje mji wenye viwanda vya barafu, waheshimiwa wanywe soda ya moto? Mwingine akamuunga mkono. Wa tatu alisema hii ni dharau kwa wapiga kura. Mkurugenzi alisimama kujieleza. Iliundwa kamati ndogo. Mheshimiwa Magige alichangia mara mbili, na alichangia vizuri. Alikuwa msemaji hodari kumbe.

"Ajenda ya tisa," alisoma katibu, "ugawaji wa eneo la mwalo wa Chirondo kwa mwekezaji. Taarifa ya afisa mipango inaonyesha wananchi wameridhia kwa kauli moja."

Hyasinta alikaa wima. Alimtazama Magige. Magige alikuwa anakunja kona ya karatasi, anaikunjua, anaikunja tena.

"Kuna mwenye pingamizi?" aliuliza Mwenyekiti, tayari akiinua nyundo.

Ukumbi ulinyamaza. Dereva mmoja alijigeuza usingizini.

"Nipo!" alisema Hyasinta.

Sauti aliyokuwa ametumwa nayo ilitoka yote. Ilikuwa sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali, na humo ndani, chini ya dari ya mbao, iliwagutusha madereva wote kwa pamoja. Mmoja alisimama akitafuta funguo.

"Nani huyo?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hyasinta, mjane wa marehemu Kwangu, wa Chirondo. Hatukuridhia, mheshimiwa. Tulikataa. Huyu bwana Makongoro alituuliza na sisi tukanyamaza, na kwetu sisi tukinyamaza tumekataa. Hata diwani wetu anajua, kazaliwa pale pale, muulizeni. Tukipelekwa mchangani, dagaa wetu watanunuliwa na watu wa kuku tu. Tunakula nini? Watoto wanakula nini?"

Alikuwa na mengine ya kusema, aliyapanga usiku kucha, lakini Mwenyekiti aliinua mkono. Hakukasirika. Alitabasamu kama mwalimu wa zamu aliyemkamata mwanafunzi na muwa.

"Mama. Nikuelewe vizuri. Kwenu anayenyamaza amekataa?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa hiyo anayesema amekubali?"

Hyasinta aliona mtego ulipo, na akaona kwamba kunyamaza ni mtego na kujibu ni mtego.

"Mimi nakataa kwa mdomo," alisema. "Mimi, leo, nasema hapana."

"Amesema!" alipiga kelele yule diwani wa soda. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mama amesema, kwa hiyo ameridhia!"

Ukumbi uliangua kicheko. Walicheka madiwani, akacheka Mkurugenzi, Bwana Makongoro akavua miwani akafuta macho. Walicheka hata madereva, waliokuwa hawajui kilichotokea. Magige hakucheka. Alikuwa ameinama chini ya meza anafunga kamba ya kiatu, na aliifunga kwa muda mrefu sana.

Nyundo iligongwa. Ajenda ya tisa ilipita. Haikuchukua hata nusu ya muda wa soda. Mwenyekiti aliagiza mgeni asaidiwe kutoka, kwa heshima zote.

Aliyemsaidia alikuwa Mseti. Alimshika mkono juu ya kiwiko, bila nguvu, wakapita uwanjani hadi getini.

"Nilikuwa dirishani," alisema Mseti. "Umesema vizuri, mama. Kwetu Tarime ungekuwa umechinjiwa mbuzi."

"Mbona hukuja kusema na wewe? Wewe si mwananchi?"

Mseti alifikiri. "Mimi ni askari," alisema, akafunga geti.

Lori la Leonardi lilikuwa limeshapakia na kuondoka. Hyasinta alitembea. Alipofika Nyegina alivua viatu, maana vilikuwa vinambana, na mbele ya kanisa la misheni alipanda nyuma ya baiskeli ya mwuza mikate aliyemwonea huruma. Njia nzima alitunga namna ya kumweleza Mzee Masatu. Angemwambia wakate rufaa. Angemwambia waende kwa mkuu wa wilaya, waende Butiama kwa Baba wa Taifa, waende popote, watu wote safari hii, na waende wakipiga kelele. Kupitishwa siyo kujengwa. Serikali ilipitisha zahanati yao miaka kumi iliyopita na hadi leo hakuna aliyeona tofali. Ucheleweshaji huohuo uliowaua ungeweza, angalau mara hii, kuwaokoa. Wazo hilo lilimchangamsha hadi akamsaidia mwuza mikate kusukuma baiskeli kwenye kilima.

Aliziona nguzo kabla hajawaona watu.

Zilianzia kwenye mkuyu, zikashuka mfululizo hadi majini, zikakata mwalo wote upande wa mawe. Nguzo za chuma, mpya, zimepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Moja ilikuwa imesimama katikati ya mwamba wake, mahali palipokuwa na ufa. Walikuwa wameupanua ufa kwa patasi, wakachimbia chuma, wakamwaga saruji. Dagaa wake wote walikuwa mchangani, wamefagiliwa kwa pamoja, kifusi kinachong'aa kama fedha, chenye nzi.

Pelagia alikuwa ameketi kando yao, miguu ameinyoosha. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Walikuja ulipotoka tu," alisema. "Lori lenu halijamaliza hata kona. Nikawaambia subirini, mwenzetu ameenda barazani, leo ndiyo wanaamua. Msimamizi wao akaniuliza, baraza la nini?"

"Mkono umefanyaje?"

"Nilishika ufagio, wakauvuta. Siyo kitu."

Hyasinta alichuchumaa, akagusa saruji kwenye shina la nguzo. Alibonyeza kwa kidole gumba, kisha kwa kitako cha kiganja. Ilikuwa imeshika. Wakati waheshimiwa wanajadili soda, ilikuwa imeshika.

Mzee Masatu alishuka kutoka nyumbani kwake taratibu, fimbo mkononi, akasimama umbali kidogo. "Mwanangu, wamesemaje huko?"

"Wamepitisha."

Mzee alitazama nguzo moja baada ya nyingine hadi ile ya mwisho iliyosimama majini, mawimbi madogo yakiipiga.

"Kesho wanaleta waya," alisema Pelagia. "Na mlinzi. Wamesema tuondoe vitu vyetu vyote leo."

Hyasinta alifunga kanga kiunoni. Alichukua karai, akaanza kuwaokota dagaa mchangani kwa viganja, akawapeleka majini, akawasuuza, mchanga ukazama na dagaa wakabaki. Alirudi mara nyingi. Baada ya muda Pelagia aliinuka akamsaidia kwa mkono mmoja. Wengi walikuwa wameshalegea na kupasuka, harufu yao imeanza kubadilika.

Akawamwaga juu ya mwamba, kuizunguka nguzo, na kuanza kuwapanga mmoja mmoja, asiruhusu wawili walaliane.

"Wifi," alisema Pelagia, "jua limeisha."

Kweli, jua lilikuwa limegusa milima ya ng'ambo, na lililobaki lisingekausha hata kitambaa cha jikoni. Hyasinta aliona. Akaendelea kuanika.